Lilianza Lini? Swali la Kwanza Akili Inapoyumba

Mtu akishajua kwamba nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, hakawii kunivuta pembeni. Ananikuta kituo cha mwendokasi cha Gerezani, au msibani Mtaa wa Sikukuu, au nikichagua dagaa sokoni, na baada ya shikamoo ananong'ona: "Sista, baba siku hizi haeleweki. Ni uzee au ni kichaa?" Mwingine ana mtoto wa kiume aliyejifungia chumbani. Mwingine ana mama mkwe anayezungumza na marehemu. Wote nawarudishia swali lilelile: lilianza lini, na tangu hapo linakwendaje?

Wengi hutegemea niulize kama mgonjwa anapiga watu, anaokota makopo au anavua nguo hadharani. Mambo hayo yanatisha, lakini hayakwambii ni ugonjwa upi. Malaria kali inaweza kuyaleta, na skizofrenia pia. Kinachotofautisha ni mwendo wa tatizo. Likizuka ndani ya saa au siku chache, kwa kawaida mwili uko hatarini na mgonjwa anatakiwa hospitali leo. Likijengeka kwa wiki, mara nyingi ni moyo uliozama. Likimwanza kijana na kukua kwa miezi, tunafikiria magonjwa ya akili kama skizofrenia. Likimnyemelea mtu mzima kwa miaka, tunafikiria ubongo unaopoteza nguvu zake kidogo kidogo.

Ndiyo maana nasema sehemu kubwa ya jibu iko mikononi mwa ndugu na majirani kabla haijafika kwa daktari. Daktari atakaa na mgonjwa dakika chache. Nyinyi wa Kariakoo, Dar es Salaam, mnafungua maduka pamoja asubuhi, mnakula wali wa mama lishe mmoja, mnakopeshana mzigo, na mnajua nani alikuwa mkali wa hesabu na nani alikuwa mpole tangu utoto. Mkiyasema mnayoyajua kwa mpangilio, mnaokoa maisha.

Saa na siku: mwili ndio unaougua

Bibi mmoja wa Mtaa wa Narung'ombe alikuwa akikaanga maandazi na kugombana na wateja juu ya chenji mpaka Ijumaa. Jumamosi usiku akaanza kuwafukuza watoto waliokaa juu ya kabati, watoto ambao hakuna mwingine aliyewaona. Jumapili asubuhi alikuwa mtulivu, akanitambua, akaniuliza hali ya nyumbani. Mchana akanisahau, akamwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Wanawe walikuwa wameshagawanyika: mmoja anasema uzee umefika, mwingine anasema mama ana maruhani na yamekasirishwa.

Nilimshika mkono, ukawa wa moto. Nikamwomba anitajie siku za wiki kwa kurudi nyuma, kuanzia Jumamosi. Akasema Jumamosi, Ijumaa, akanyamaza, akatazama dari, akaanza kuchomoa nyuzi hewani kwa vidole viwili, taratibu, kama anayefumua mshono. Nikamrudisha kwenye swali. Akasema Jumamosi tena, kisha akasinzia katikati ya neno.

Hiyo ndiyo hali madaktari wanayoiita deliriamu: kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na ugonjwa wa mwili au dawa. Huanza ghafla, hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na mgonjwa hawezi kushikilia wazo hata kwa dakika. Jua likizama huwa mbaya zaidi. Mgonjwa huona vitu mara nyingi zaidi kuliko kusikia sauti peke yake. Bibi yetu alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, hiyo UTI tunayoitaja kila siku, na alikuwa amepungukiwa maji. Alipotibiwa, watoto wa kabatini waliondoka, na baada ya muda akarudi kwenye maandazi yake.

Visababishi ni vingi: malaria, nimonia, sukari kushuka kwa mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini bila kula, chumvi ya damu kuvurugika, mkojo kuziba kwa mzee mwenye tezi dume, hata kukosa choo kwa siku nyingi. Dawa nazo zimo. Piriton ya mafua na Valium ya usingizi, ambazo watu hununua dukani bila kuuliza, zinaweza kumvuruga kabisa mtu wa miaka sabini.

Kuna sura moja ya deliriamu ambayo familia huikosa mara nyingi, nayo ni ya kimya. Mzee hapigi kelele wala haoni watu. Analala mchana kutwa, anajibu kwa mkato, uji unamwagika kidevuni. Nyumbani wanasema, "Leo ametulia, mwacheni apumzike." Mzee aliyekuwa mchangamfu juzi na leo haamshiki vizuri ni mgonjwa wa dharura, sawa na yule anayepiga kelele.

Pombe inahitaji maneno yake. Mtu aliyekunywa gongo au konyagi kila siku kwa miaka, akiachishwa ghafla kwa kufungiwa ndani na ndugu wenye nia njema, anaweza siku ya pili au ya tatu kutetemeka, kutoka jasho, kuona wadudu ukutani na kupata degedege. Hali hiyo inaua. Arosto ya heroini, yaani mateso ya kuikosa, ni tofauti: mtu anapiga miayo, mafua yanamtoka, tumbo linaharisha, mifupa inamuuma, anateseka sana, lakini anajua yuko wapi na leo ni siku gani. Teja mwenye arosto akianza kuchanganyikiwa, usiseme ni arosto tu. Tafuta malaria, homa ya uti wa mgongo au jeraha la kichwa. Kwa wale wanaotaka kuachana na heroini, kliniki ya methadoni ilifunguliwa hospitali ya Muhimbili Februari 2011, na baadaye huduma hiyo ikafika Mwananyamala na Temeke. Nimewaona vijana waliorudi kwenye biashara zao kupitia njia hiyo.

Wiki: moyo ukizama

Kariakoo imepitia mambo mazito. Usiku wa Julai 10, 2021 soko kuu liliungua. Jumamosi asubuhi ya Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka watu wakiwa kazini, na baadhi ya walionaswa chini waliendelea kuzungumza na waokoaji kwa simu. Baada ya matukio kama hayo nilikaa na watu waliokuwa hawalali, walioruka kila shata lilipofungwa kwa kishindo, waliozunguka njia ndefu ili wasipite mtaa ule. Katika wiki za mwanzo hali hiyo si wazimu. Ni mtu mzima wa akili akijaribu kumeza jambo lisilomezeka, na dawa yake kubwa ni watu wa kukaa naye, usingizi na chakula. Ikipita mwezi na bado ndoto zilezile zinamwamsha na kazi haifanyiki, hapo anahitaji mtaalamu, na tiba ipo.

Sonona ni kitu kingine tena. Huku kwetu mgonjwa hasemi ana huzuni. Anasema ana mawazo, kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu. Anazunguka maabara za mitaani, anapimwa tumbo na moyo, majibu yote mazuri. Muulize usingizi: anaamka saa tisa usiku na halali tena mpaka adhana ya alfajiri. Muulize chakula: hakina ladha. Muulize alichokuwa akikipenda, taarabu, mpira wa Simba na Yanga, wajukuu: hakimgusi. Mambo haya yakidumu wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, mpeleke akaonwe.

Kwa mzee, sonona huvaa nguo za usahaulifu, na hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. Mwenye sonona hulalamika mwenyewe kwamba amesahau. Ukimuuliza jambo anasema, "Sijui, niacheni." Ukimvumilia na kumpa muda, mara nyingi jibu analo. Mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu hufanya kinyume: anasema hana tatizo lolote, anajibu kwa kujiamini na jibu si kweli, na wanaolalamika ni watoto wake. Tofauti hii ina thamani kubwa, kwa sababu sonona ya mzee hutibika, na mtu aliyeandikwa "uzee" anaweza kukaa miaka gizani bila sababu. Hata hivyo, mtu ambaye hajawahi kuwa na sonona maishani na ikamwanza akiwa na miaka sabini, afuatiliwe. Kwa baadhi yao huo ndio mlango ambao ugonjwa wa ubongo uliingilia.

Mwenye sonona muulize pia waziwazi kama amefikiria kujiua. Watu wanaogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Haliwi hivyo. Nimeliuliza mara nyingi, na mara nyingi lililofuata ni pumzi ndefu na mtu kuanza kusema ukweli wake kwa mara ya kwanza.

Miezi: kijana anayejibu wasioonekana

Kijana wa miaka 22 aliyekuwa akilinda stoo Mtaa wa Mchikichi alianza kwa kujitenga. Kwa miezi aliacha kukaa kijiweni, akaacha kuoga, akabandika karatasi ya gundi kwenye kamera ya simu akisema tajiri wa jirani anamchunguza. Kisha akawa anawajibu watu wasioonekana. Nilikaa naye juu ya marobota. Alinitajia tarehe, siku na mtaa tuliopo. Nikamuuliza: katoni ishirini na nne, kila moja pakiti kumi na mbili, jumla ngapi? Akasema mia mbili themanini na nane kabla sijamaliza kufikiri mwenyewe. Siku za wiki alizirudisha nyuma bila kukwama.

Mlinganishe na bibi wa maandazi. Wote wawili walizungumza na watu ambao hawapo. Bibi alipoteza uwezo wa kufuatilia jambo, hakujua saa wala siku, na yote yalimjia kwa siku mbili. Kijana umakini wake ulikuwepo na kumbukumbu ilikuwepo. Kilichopotoka ni namna alivyouelewa ulimwengu unaomzunguka, tena polepole, kwa miezi. Skizofrenia huwaanza watu wengi kati ya mwisho wa ujana na miaka ya thelathini. Bangi kali inaweza kuuchochea ugonjwa huo kwa mwenye asili nao, kwa hiyo lazima iulizwe bila kugomba. Na mtu aliyeishi salama hadi miaka sitini, kisha akaanza kuona au kusikia yasiyokuwepo, atafutiwe kwanza sababu mwilini na kwenye ubongo.

Kuna na ule wa kupanda na kushuka, bipola. Mfanyabiashara halali usiku kucha na hachoki, anaongea bila nukta, anaagiza mzigo wa kontena ambao hana fedha za kuulipia, anagawa bidhaa bure, anamtongoza kila anayeingia dukani. Wiki chache baadaye hawezi hata kufungua mlango. Watu husema fedha zimemchanganya. Kama ana miaka ishirini au thelathini, fikiria bipola. Kama ana hamsini na tano na tabia hizo ni ngeni kabisa kwake, fikiria ubongo: kuna aina ya ugonjwa unaoshambulia sehemu ya mbele ya ubongo, unaoondoa haya na huruma kabla ya kugusa kumbukumbu. Ndio uliotangazwa na familia ya mwigizaji Bruce Willis mwaka 2023.

Dawa za magonjwa haya zinapatikana nchini na zinafanya kazi. Kinachoharibu ni kuziacha. Haloperidol inaweza kukaza shingo au kupindisha ulimi, familia inaogopa, inatupa vidonge. Rudini kliniki. Kuna dawa ya kuondoa adha hiyo, na kuna dawa nyingine za kubadilisha.

Miaka: kaunta buku la mzee

Binti wa mzee mmoja aliyeuza khanga na vitenge Mtaa wa Uhuru aliniletea makaunta buku matatu ya madeni, ya miaka tofauti. La zamani lilikuwa safi: jina la mteja, tarehe, idadi ya doti, kilichobaki, na mstari mnyoofu juu ya kila deni lililolipwa. La pili lilikuwa na mteja mmoja aliyeandikwa mara mbili siku ileile kwa kiasi tofauti, tarehe zinaruka, na mistari ya madeni yaliyolipwa imekatwa nusu. Katika la mwisho majina yalikuwepo bila fedha, na ukurasa mmoja ulikuwa na jina lilelile kutoka juu hadi chini. Mwandiko ulikuwa wake. Mzee mwenyewe alisema hana shida yoyote. Alikuwa amemfukuza kijana wa dukani aliyemtumikia kwa uaminifu, akidai anamwibia. Fedha zilikutwa baadaye ndani ya gunia la mifuko mitupu, alikozificha mwenyewe.

Nimeishikilia habari hii kwa sababu Kariakoo inaweza kuutambua ugonjwa huu mapema kuliko mahali pengi. Biashara inapima kumbukumbu, hesabu na umakini kutwa nzima. Kusahau jina la mteja na kulikumbuka usiku ni jambo la kawaida. Kutoa chenji mara mbili kwa mteja yuleyule, kuagiza mzigo uliokwishafika, kuuliza swali moja mara tano kabla ya adhuhuri, kupotea kati ya Msimbazi na Lumumba mahali alipokulia: hayo si uzee. Yakiongezeka kwa miezi na miaka, na yakimzuia kufanya alichokifanya daima, ni demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, mpaka ithibitike vingine.

Na mashtaka ya wizi na wivu yasiwapoteze. Mwaka 1901 mwanamke aliyeitwa Auguste Deter alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Frankfurt, Ujerumani. Alikuwa akimshuku mumewe kwa wivu mkali na kumbukumbu zinampotea, naye alikuwa na miaka hamsini tu na kitu. Alipofariki mwaka 1906, daktari Alois Alzheimer aliuchunguza ubongo wake na kukuta mabadiliko yanayoonekana kwa hadubini. Ugonjwa ulipewa jina la daktari huyo, na leo ndio unaosababisha demensia nyingi zaidi duniani. Aina inayofuata hutokana na mishipa ya damu ya ubongo: presha isiyotibiwa na viharusi vidogo humshusha mtu ngazi kwa ngazi, anakaa hapo miezi, kisha anashuka tena.

Demensia si ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 57 wenye demensia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania, utafiti wa vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, uliwafikia watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, ukakuta demensia kwa kiwango cha asilimia 6.4. Kwa kuwa wazee wengi hawakupata shule, watafiti wa Hai na wenzao wa Nigeria walitengeneza kipimo kisichohitaji kalamu. Mzee anaulizwa daraja ni kitu gani, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anakumbuka maneno kumi aliyosomewa, na anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa. Kipimo hicho kinaweza kufanywa na mhudumu wa zahanati yoyote aliyefundishwa.

Yanayofanana na demensia na kumbe yana tiba

Mpagazi mmoja alipigwa na robota kichwani, akasugua, akaendelea na kazi. Wiki kadhaa baadaye akawa mzito, anasahau oda, kichwa kinamuuma, mguu mmoja unaburuta. Wenzake walisema amelogwa. Kipimo cha CT kilionyesha damu iliyokuwa ikijikusanya polepole chini ya fuvu na kuubana ubongo. Akapasuliwa, akapona. Kwa mitaa yenye bodaboda kama yetu, swali la kuanguka au kugongwa, hata miezi miwili nyuma, lisikosekane.

Yapo na mengine ya kutafutwa: VVU visivyotibiwa, kaswende ya zamani iliyofika kwenye ubongo, tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo, upungufu wa vitamini B12, ambao unaweza kumpata mtu aliyetumia metformin ya kisukari kwa miaka. Kifafa nacho humwacha mtu amechanganyikiwa kwa muda baada ya mshtuko, na kuna kifafa kisichoangusha: mtu anakodoa macho, anatafunatafuna, hajibu, kisha anarudi. Hakuna hata moja kati ya haya utakalolijua kwa kumtazama mtu usoni. Yanajulikana kwa historia na vipimo.

Kisomo, dua na vipimo

Nimekulia katika nyumba ya kisomo na najua faraja yake. Mgonjwa aliyesomewa dua na watu wanaompenda analala vizuri zaidi, na padri au shehe mwenye busara ni msaada mkubwa kwa familia. Ninachokiomba ni kimoja: kisomo kisicheleweshe vipimo. Deliriamu haisubiri Ijumaa. Mgonjwa asifungwe kamba, asichapwe kumtoa jini, asinyimwe chakula wala dawa zake za presha.

Naomba pia tuwalinde bibi zetu. Demensia hugeuza usiku na mchana. Bibi anatoka saa nane usiku, amesahau kuvaa, anakutwa mlangoni kwa jirani asijue amefikaje. Mtaani wanasema ungo umeanguka. Nchi yetu imeshuhudia wanawake wazee wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, hasa kanda ya ziwa, na siwezi kulitaja jambo hilo bila uchungu. Ukimkuta bibi wa namna hiyo, mfunike khanga, mwite kwa upole, mrudishe kwao, na waambie watoto wake wampeleke hospitali kesho.

Karatasi moja ya kupeleka hospitali

Kabla ya kwenda, kaeni kama familia mwandike ukurasa mmoja. Alikuwa mtu wa namna gani mwaka jana. Jambo la kwanza lisilo la kawaida lilikuwa lipi, na tarehe yake. Je, lilikuja ghafla au polepole, linabadilika ndani ya siku moja au linabaki vilevile? Analalaje, anakulaje? Ana presha, kisukari, VVU, kifafa, na anatumia pombe au kitu kingine? Ameanguka? Kisha wekeni dawa zake zote kwenye mfuko, za hospitali, za duka na za miti shamba, mwende nazo. Msiseme tu "amechanganyikiwa." Semeni: "Jumatano alikuwa mzima, Ijumaa hakumjua mwanawe." Sentensi hiyo inamwambia daktari wapi pa kuanzia.

Ulizeni kama amepimwa sukari, malaria, wingi wa damu, mkojo, presha, VVU na kaswende. Anzieni zahanati au Hospitali ya Mnazi Mmoja. Hospitali ya Amana iko Barabara ya Uhuru, na Muhimbili, yenye idara ya magonjwa ya akili, haiko mbali nasi. Si kila mwenye tatizo la akili anapelekwa Mirembe. Hospitali hiyo ya Dodoma, iliyoanza mwaka 1927, inawahudumia wanaoihitaji, na wengi hutibiwa hapa hapa wakilala kwao. Kwa wenye miaka 60 na zaidi, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya matibabu bila malipo kwa wasio na uwezo, kwa hiyo ulizeni dirisha la wazee.

Demensia nyingi hazina dawa ya kuziponya, lakini zina mengi ya kupunguza. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kuzuiliwa au kurekebishwa, yakiwemo presha, kisukari, kuvuta sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa, kutosikia vizuri, sonona na upweke. Kwa mgonjwa aliyekwishapata, kinachomtuliza ni ratiba isiyobadilika, taa usiku, sauti ya upole, na kutobishana naye. Binti wa yule mzee wa vitenge alichukua hesabu za duka, akamwachia baba kazi ya kukunja khanga na kuwakaribisha wateja, kazi ambayo mikono na heshima yake bado viliimudu. Yule kijana aliyefukuzwa aliitwa, akaombwa radhi mbele ya jirani zake, akarudishwa kazini.

Kwa hiyo ninyi mnaofungua maduka sambamba kila asubuhi, nawaomba mtazamane. Jirani akianza kukosea chenji, usimcheke wala usimfiche. Kumbuka lini ulianza kuona, mwambie mwanawe, na kama hana mtu wa kwenda naye hospitali, funga duka lako mapema siku moja uende naye.